Kutunza betri ya sola visiwani bila maji ya betri ya dukani

Mwanza mjini maji ya betri si shida. Unaingia sheli au duka la spea, unatoka na chupa yako. Shida inaanza ukishavuka ziwa: Ukara, Kome, Maisome, au kwenye kambi za dagaa ambako duka kubwa kuliko yote linauza sabuni, vocha na sigara. Huko chupa ya maji ya betri inamsubiri mtu anayekwenda mjini, na anayekwenda mjini ana orodha ndefu ya watu wengine. Basi betri inanyweshwa kilicho karibu. Mmoja anatia maji ya ziwa kwa sababu yanaonekana meupe, mwingine ya kisima, mwingine ya kuchemsha akiamini moto umeyasafisha, na wapo wanaotia asidi.

Betri haifi siku hiyo, na hapo ndipo watu wanapodanganyika. Taa zinawaka vizuri wiki hiyo na mwezi unaofuata. Miezi ikipita betri inaanza kujaa haraka asubuhi na kuisha haraka usiku, na lawama zinakwenda kwa paneli, kwa fundi aliyefunga, au kwa muuzaji. Nimeona betri nzima nyingi zikifa kwa njia hii, na inaniuma, kwa sababu maji yanayofaa yanamwagika bure kutoka mawinguni misimu miwili ya kila mwaka, na betri inahitaji kidogo kuliko watu wanavyodhani.

Kwanza, hakikisha betri yako ni ya maji

Betri ya maji ya volti 12 ina vifuniko sita juu, kimoja kwa kila seli. Vingine vinafunguliwa kwa kuzungusha, vingine vimeungana kwenye ukanda unaong'olewa kwa pamoja. Betri kavu, iwe ya AGM au ya jeli, haifunguliwi. Ukiifungua unaiharibu, hata ukitia maji bora kuliko yote duniani. Lithiamu haina habari ya maji kabisa. Kama yako ni mojawapo ya hizo, maelezo haya si yake. Hata volti za chaji huko chini ni za betri ya maji.

Jua kinachopotea, na ni kiasi gani

Ndani ya betri mna asidi ya salfa iliyochanganywa na maji. Betri inapokaribia kujaa, umeme unaozidi unayapasua maji kuwa gesi mbili, haidrojeni na oksijeni, na gesi hizo zinatokea kwenye matundu madogo ya vifuniko. Ule mlio wa kuchemka unaousikia mchana ndio huo. Asidi yenyewe haiondoki, inabaki ndani. Kwa hiyo kinachorudishwa ni maji, na maji peke yake. Anayejazia asidi kila usawa unaposhuka anaifanya asidi iliyomo izidi kuwa kali, na asidi kali kupita kiasi inayala mabamba ya risasi na vitenganishi vyake.

Hesabu ya maji yenyewe ni rahisi. Kila ampea-saa (Ah) moja ya chaji ya ziada inapasua gramu 0.336 ya maji katika kila seli. Chukua nyumba yenye betri moja ya Ah 100, ambayo usiku inatumia Ah 35 hivi kwa taa, redio, televisheni ndogo na simu za jirani. Kuijaza sawasawa kunahitaji ziada ya Ah 5 hivi kila siku. Zidisha 5 kwa 0.336 kwa seli 6: unapata kama mililita 10 kwa siku, yaani mililita 300 kwa mwezi. Kiangazi chote, Juni hadi Septemba, ni lita moja na robo. Hiyo ni chini ya chupa kubwa moja ya maji ya kunywa.

Sasa weka beseni la plastiki lenye upana wa sentimita 50 nje wakati wa mvua. Mvua ya milimita 20, ambayo kwa masika ya kanda hii si ajabu, inaliachia karibu lita 4. Beseni moja na mvua moja nzuri vinaitosha betri ya nyumbani kwa kiangazi kizima, na chenji inabaki. Ukishaielewa hesabu hii, hutakuwa na sababu tena ya kuteremka ziwani na kikombe.

Kwa nini si maji ya ziwa, kisima, bomba wala ya kuchemsha

Ziwa Victoria lina maji laini ukilinganisha na visima vingi. Kipimo kidogo cha TDS, yaani cha madini yaliyoyeyuka kwenye maji, kile kinachofanana na kalamu, kikitumbukizwa humo kinasoma kama 50 au 60, na karibu na miji hupanda zaidi. Visima vya kwenye miamba yetu vinaweza kusoma mamia. Lakini hata hiyo 50 ni nyingi kwa betri, kwa sababu maji yanatoka kama gesi na madini yanabaki. Ukijazia mara kumi, umeacha mle ndani madini ya mara kumi, na hakuna njia ya kuyatoa.

Madini yenyewe hayalingani ubaya. Chokaa haina madhara makubwa. Chuma ni kibaya: kinahama kutoka bamba la upande mmoja hadi la upande wa pili na kurudi, kikiimaliza chaji polepole hata betri ikiwa imezimwa. Kloridi ni mbaya zaidi, inakula fremu ya bamba chanya mpaka linamomonyoka. Ndiyo maana maji ya bomba hayafai, na maji uliyoyatia dawa ya klorini kwa ajili ya kunywa hayafai pia. Maji ya ziwa yana vilevile mwani na uchafu wa mimea, ambao asidi inauchoma na kuacha mabaki yasiyotakiwa.

Kuchemsha kunaua vijidudu. Betri haiugui kuhara. Madini yote yanabaki kwenye sufuria, tena yamekolea kwa sababu sehemu ya maji imepanda na mvuke. Kuchuja kwa kitambaa hakuondoi kitu kilichoyeyuka. Maji ya chupa ya kunywa yana madini yaliyoorodheshwa kwenye lebo yake. Geuza chupa usome: kloridi, sodiamu, kalsiamu, yote yamo na vipimo vyake.

Kudaka mvua

Mvua ni maji yaliyokwisha kuvukizwa na jua. Yanachafuka yanaposhuka kwenye hewa na yanapogusa kitu. Ustadi wote uko kwenye kuyadaka kabla hayajagusa chochote zaidi ya plastiki safi.

Usichukue ya kwenye mfereji wa bati. Najua ndiyo yaliyo rahisi, na simtanki la uani limejaa. Lakini bati jipya linatoa zinki na la zamani linatoa kutu, na kutu ni kile chuma nilichokisema. Juu yake kuna vumbi la barabara, moshi wa mkaa, kinyesi cha korongo na kunguru, na mizoga ya wale wadudu wa ziwani wanaopanda kama moshi na kutua kila mahali penye taa. Maji hayo yafulie nguo.

Fanya hivi. Tafuta beseni au ndoo pana ya plastiki ambayo haijawahi kubeba mafuta, samaki, chumvi wala sabuni ya unga. Jipya ni bora zaidi, na libaki kwa kazi hii tu. Lisuuze. Liweke juu ya meza au stuli yenye kimo cha mita moja hivi, ili matone yanayopiga chini yasirushe udongo ndani, na liwe uwanjani, mbali na mti, ukingo wa paa na mahali pa kuanikia dagaa.

Acha mvua inyeshe kwanza kwa dakika 15 hadi 20 ili ioshe hewa. Maji ya mwanzo hayo yatumie kusuuzia beseni lenyewe, uyamwage, kisha ulirudishe lidake maji ya kuhifadhi. Kama mvua imekuja baada ya siku nyingi za jua na vumbi, au watu wanachoma mashamba, subiri zaidi, au uiache hiyo ungoje ya kesho. Mvua ya tatu na ya nne mfululizo ndizo safi kuliko zote.

Radi nisiipitie juu juu. Kanda ya ziwa ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi duniani, na dhoruba zetu nyingi huja usiku au alfajiri. Usitoke kumwaga beseni wakati inapiga. Chagua mvua tulivu ya mchana, ile inayonyesha taratibu bila ngurumo, hata kama itabidi ungoje wiki. Maji ya lita nne hayana haraka.

Usihofu ukisikia kwamba maji ya mvua yana uasidi kidogo. Ni hewa ya ukaa iliyoyeyuka humo, na unayapeleka kwenye asidi.

Kupima kabla ya kuhifadhi

Ukiweza kupata kalamu ya TDS, nunua moja kwa ajili ya kijiji kizima. Maji chini ya 10 ni mazuri sana. Hadi 20 nayakubali. Zaidi ya hapo mwaga, udake upya.

Bila kalamu, tumia kioo. Mzee mmoja wa Ukara aliniuliza, "Mwanangu, maji haya tumekunywa sisi na baba zetu. Betri ni nani mpaka iyakatae?" Nilimwomba kipande cha kioo, tukakiosha, tukakisuuza kwa maji ya mvua na kukikausha. Kisha tukadondosha tone la maji ya ziwa upande mmoja, la kisima katikati, la mvua upande wa pili, tukakiweka juani na kukifunika kwa chandarua dhidi ya vumbi. Yalipokauka, tone la kisima lilikuwa limeacha duara jeupe lenye ukingo mnene unaokwaruzika kwa ukucha. La ziwa liliacha pete nyembamba ya kijivu. La mvua lilihitaji kuinamishia kioo kwenye mwanga ndipo kivuli chake kionekane. Mzee alipitisha kidole kwenye duara la kisima, akaita wajukuu waje waone. Jaribio hili halitakuambia ni madini gani, lakini pete ikionekana waziwazi, maji hayo hayaingii kwenye betri.

Hifadhi kwenye chupa za plastiki za maji ya kunywa au madumu mapya, yasuuzwe kwa maji ya mvua yenyewe. Usitumie debe, chungu, wala dumu lililokuwa na mafuta ya taa. Jaza mpaka juu, funga, weka gizani ili ukoga usiote. Andika kwa maka peni MAJI YA BETRI na mwezi uliodaka. Kama nyumba ina asidi, iwe chumba kingine na chupa ya umbo tofauti, mahali watoto hawafiki.

Mvua ikiwa haipo

Kiangazi kimekukuta huna akiba: tengeneza mvuke wako mwenyewe. Weka maji ya ziwa robo ya sufuria kubwa. Ndani, katikati, weka jiwe safi, na juu ya jiwe bakuli la kioo au la chuma kisichoshika kutu, mdomo wake ukiwa juu ya maji. Funika kwa mfuniko uliogeuzwa juu chini ili kishikio chake au tumbo lake lielekee kwenye bakuli. Juu ya mfuniko mwagia maji ya baridi, uyabadilishe kila yanapopata moto. Mvuke unapanda, unagusa ubaridi wa mfuniko, unageuka matone yanayoteremka mpaka katikati na kudondoka kwenye bakuli.

Moto uwe mdogo. Maji yakitokota kwa nguvu yatarukia bakulini na kazi yote itakuwa bure. Matone ya dakika chache za mwanzo yatupe, maana yameosha mfuniko. Kwa mkaa kazi hii ina gharama: hesabu si chini ya nusu kilo kwa lita moja, na kwa jiko linalovuja joto ni zaidi. Kwa mililita 300 za mwezi bado inalipa ukilinganisha na bei ya betri.

Jua nalo linaweza kufanya kazi hiyo: beseni jeusi lenye maji, kioo kilicholazwa kwa mteremko juu yake, na kijifereji cha plastiki kwenye ukingo wa chini. Kikitengenezwa vizuri, chenye eneo la mita moja ya mraba, kinatoa lita mbili au zaidi siku ya jua kali. Kwa mwenye betri moja ni kazi kubwa kuliko faida. Kwa zahanati, shule au kibanda cha kuchaji simu chenye betri sita, nakishauri.

Maji yanayodondoka kwenye kiyoyozi cha ofisi ni mvuke uliopoa, lakini yamepita juu ya mabomba ya shaba na vumbi. Ni afadhali kuliko kisima, si mazuri kama mvua.

Na kama ukifungua ukakuta mabamba yako nje, yamekauka, huna mvua wala mkaa? Bamba lililo hewani linaharibika, na sehemu hiyo hairudi. Hapo mara moja, kwa dharura, tia maji ya chupa ya kunywa yenye namba ndogo kuliko zote kwenye lebo, yafunike bamba tu, basi. Isiwe desturi.

Kufungua na kujazia

Kazi hii ifanywe baada ya betri kujaa, saa tisa au saa kumi alasiri. Maji ya betri yanapanda wakati wa chaji. Ukijaza mpaka mdomoni asubuhi betri ikiwa tupu, mchana yatafurika na asidi itamwagika juu, na asidi iliyomwagika ni asidi uliyoipoteza. Isipokuwa bamba liko nje: hapo funika bamba kwanza kwa maji kidogo, chaji, ndipo umalizie.

Zima taa na inveta. Tenganisha paneli kwanza, kwa sababu kontrola nyingi (kile kifaa kati ya paneli na betri kinachodhibiti chaji) hazipendi kubaki na paneli bila betri. Fungua madirisha usubiri nusu saa gesi itoke. Haidrojeni ikifika asilimia 4 tu ya hewa inalipuka kwa cheche. Kwa hiyo hakuna sigara, hakuna kibatari, hakuna kiberiti cha kumulikia ndani. Tumia tochi. Vua pete na saa. Vaa miwani, hata ya jua, na glavu za mpira.

Weka ndoo ya maji karibu, na hapa ndipo maji ya ziwa yanapofaa. Asidi ikiruka jichoni, osha papo hapo kwa maji mengi kwa robo saa bila kukatisha, kisha zahanati. Ikimwagikia nguo au sakafu, magadi yaliyoyeyushwa kwenye maji yanaiua.

Futa juu ya betri kabla ya kufungua, ili vumbi lisianguke ndani. Watu wengi wanairuka hatua hii. Kisha fungua seli moja moja. Maji yafunike mabamba kwa kama milimita 10 hadi 15, au yafike chini kidogo ya shingo ya tundu. Tumia bomba la sindano kubwa la mililita 50 au 60 kutoka duka la dawa, jipya, bila sindano yenyewe. Linakupa udhibiti ambao chupa haikupi, na linakupa namba: seli ya kwanza 45, ya pili 50, ya tatu 45, na kuendelea. Andika ukutani kwa chaki au kwenye daftari.

Namba hizo zina thamani kubwa. Zote zikilingana, betri ina afya. Zote zikipanda mwezi hadi mwezi, chaji imezidi. Tano zikinywa sana na moja isinywe karibu chochote, hiyo moja mabamba yake yamegusana ndani. Chaji yote inawaendea wenzake watano, ambao badala ya kupata volti 2.4 kila mmoja wanapata karibu 2.9, na wanachemka mchana kutwa. Hapo maji hayatasaidia. Tafuta betri nyingine.

Funga vifuniko, hakikisha matundu yake hayajaziba, futa tena. Safisha tamino, vile vichwa vya kuungia nyaya, kwa maji ya magadi bila kuruhusu tone liingie ndani, kausha, kaza, paka grisi.

Haidromita

Volti zinaweza kudanganya, haidromita hudanganya mara chache. Ni bomba la kioo lenye kielea ndani, linapima uzito wa asidi ya betri ukilinganisha na maji, na linapatikana kwenye maduka ya spea mjini. Betri iliyojaa husoma karibu 1.265, nusu ni 1.190, tupu ni 1.120. Baadhi ya betri za nchi za joto hujazwa asidi nyepesi zaidi, na zikijaa husoma 1.240 hivi. Kwa hiyo andika usomaji wa betri yako ikiwa mpya, huo ndio kipimo chake cha maisha. Tofauti ya zaidi ya 0.030 kati ya seli na seli inataka uangalizi.

Usipime mara tu baada ya kutia maji. Maji mapya yanaelea juu ya asidi, na utasoma udhaifu usiokuwepo. Ngoja siku moja ya chaji, mapovu yachanganye. Makosa mengi ya kutia asidi yanaanzia hapa: mtu katia maji, kapima, kaona 1.150, kakimbilia asidi.

Kufanya betri inywe kidogo, na isife kwa njaa

Unaweza kuwa na maji safi ya mvua chupa kumi na bado ukaiua betri kwa chaji mbaya. Betri ya maji inataka kufikishwa volti 14.4 hadi 14.8 mchana, kisha ishuke mpaka 13.5 hivi ikishajaa. Kwenye kontrola nyingi za bei nafuu kuna chaguo tatu za aina ya betri, na mara nyingi imeachwa kwenye ile ya betri kavu. Soma karatasi yake, chagua ya betri ya maji. Anayeunga paneli moja kwa moja kwenye betri bila kontrola anachemsha maji yote nje. Hakuna akiba ya mvua itakayomtosha.

Upande wa pili ndio unaoua zaidi: betri kulala na njaa. Kontrola hizo hizo huja zimewekwa kukata umeme volti ikishuka hadi 10.7. Hapo betri imeishiwa chaji kabisa. Pandisha mpaka 11.6 au 11.8. Asubuhi, kabla jua halijapiga na taa zikiwa zimezimwa, mita isome 12.2 au zaidi. Ikisoma 12.0 siku kadhaa mfululizo, mabamba yanaanza kushika ukoko mgumu wa salfati usioyeyuka tena. Wakati wa mawingu ya masika, pumzisha televisheni. Hakuna njia nyingine.

Betri iwe kivulini, penye hewa, juu ya ubao, si chini ya bati. Kila nyuzi 10 za joto juu ya 25 zinapunguza maisha yake karibu nusu, na zinaongeza kiu.

Kwa wavuvi wa dagaa

Betri ya taa ya mtumbwini ina mambo yake. Kwanza, mtumbwi ukiyumba asidi inamwagika, na hiyo ndiyo hali pekee ambapo maji peke yake hayarudishi kilichopotea. Ukijazia maji, asidi inazidi kuwa dhaifu. Ijaze chaji kamili, ipeleke kwa fundi mwenye haidromita, aongeze asidi ya uzito ule ule wa seli nyingine. Kwa mtumbwini, kwa kweli, betri kavu inafaa kuliko ya maji, hata kama bei inauma.

Pili, mbalamwezi. Mwezi ukiwa mpevu hakuna kwenda, na betri inarudishwa kambini ikiwa tupu na kuachwa kwenye kona mpaka giza lirudi. Siku hizo za mapumziko zinaharibu kuliko siku za kazi, kwa sababu betri tupu inajenga ukoko kila saa inayolala. Siku ya kurudi nchi kavu, kabla ya kugawana na kabla ya kulala, iunge kwenye paneli. Ijae, ndipo ipumzike.

Ikishakufa

Usiipasue na usimwage asidi yake mchangani wala ziwani. Wapo wanaotoa mabamba na kuyayeyusha jikoni wapate risasi za kufungia nyavu. Moshi na vumbi la risasi vinaingia kwenye ubongo wa watoto, na havitoki. Wanunuzi wa chuma chakavu mjini wanaichukua kwa kilo ikiwa nzima, na hela yake inaanzisha bei ya mpya. Kwenye boti isafirishe imesimama, vifuniko vimekazwa, ndani ya beseni la plastiki, tamino zimefunikwa kwa kipande cha mpira wa tairi, mbali na mizigo ya chakula.